Neno Alilopewa na Pilar

Asteria alikuwa amewageuza usipa walewale, dagaa wa Ziwa Nyasa, mara tatu. Jua la Lundo lilishawakausha tangu asubuhi, lakini mikono yake ilitaka kazi, na macho yake yalitaka kisingizio cha kuelekea barabarani. Shangazi yake Winifrida, aliyekaa kwenye kigoda pembeni ya chanja akichambua mchele, alimvumilia kwa muda, kisha akaguna.

“Hao wamekauka zamani, mwanangu. Ukiwageuza tena watakuwa unga.”

“Nawaangalia tu, shangazi.”

“Unaangalia barabara. Anakuja saa ngapi huyo mwonja kahawa wako?”

“Saa sita. Ameazima pikapu ya rafiki yake. Jioni tunakwenda Kitai kumpokea mama yake.”

Shangazi akaweka ungo chini. “Na hujamwambia.”

“Sijamwambia.”

“Habari ya daftari, au habari ya parokiani?”

“Zote mbili.”

“Vizuri. Mwache aje mikono mitupu. Mtu akishapewa nafasi ya kujiandaa, hutajua tena lipi la moyoni na lipi la kupanga.” Akauchukua ungo wake, akaendelea kuchambua.

Ambokile alikuwa mtu wa Tukuyu, aliyeletwa Mbinga na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuonja kahawa. Anachota kijiko, anavuta kwa kelele mpaka wageni wanaona haya, anazungusha mdomoni, anatema kwenye kopo, anaandika. Shangazi Winifrida alipoisikia kazi hiyo mara ya kwanza alishika kiuno. “Mtu anayeamka asubuhi kwenda kuonja na kutema! Huyo ndiye mnataka kumpa binti?” Tena alikuwa Mmoraviani, tena kwao hakukuwa na hata mmoja wa ukoo wa Asteria aliyewahi kufika, tena alikuwa ametembea mpaka Kolombia, akakaa miezi mitano akijifunza huko huko kuonja na kutema. Hayo yote Asteria aliyasikia, akayapuuza, kwa sababu alikuwa amekwisha kupenda, na mwanamke aliyekwisha kupenda masikio yake yana kazi nyingine.

Alipenda hivi. Asteria alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari pale Mbinga. Siku moja Ambokile alikuja kuzungumza na wanafunzi juu ya kahawa, akaketi ofisini kusubiri kengele, na Asteria, aliyekuwa amezungukwa na marundo ya mitihani, akaanza kumuuliza maswali ili mradi tu asisahihishe. Wiki mbili baadaye walikuwa wamekaa mchangani Mbamba Bay, viatu pembeni, na yule kijana akamtazama kwa macho yasiyo na haraka.

“Wahispania wana neno lao,” alimwambia. “Querer. Ni kutaka, ni kupenda. Lakini babu yake ni neno la Kilatini, quaerere, na babu huyo hakujua mapenzi. Yeye alikuwa kutafuta tu. Kuuliza. Watu wakatafuta, wakatafuta, mpaka huko Hispania mwenye kutafuta akageuka mwenye kupenda.”

Asteria alisahau jua. Maneno ndiyo yalikuwa mkate wake, na hakuna mwanaume aliyewahi kumletea neno kama zawadi.

“Subiri. Kwa hiyo question...”

“Ndugu yake.”

“Request?”

“Ndugu yake.”

“Inquire? Acquire?”

“Hao wamezaliwa nyumba moja.”

“Na conquer?”

“Huyo ni mkorofi wa ukoo, lakini damu ni ileile.” Kisha akashusha sauti. “Na kuna exquisite. Kilichotafutwa sana kuliko vingine, kikachaguliwa. Huyo nikimwona namjua.” Akamtazama tena, na safari hii Asteria ndiye aliyeinamisha uso. “Waingereza walibaki na maswali, Wahispania wakabaki na mapenzi. Mimi nikikuuliza, Mwalimu, ujue nafanya yote mawili.”

Sasa niambieni, nani asingeanguka? Asteria alianguka mzima mzima, na tangu siku hiyo jina lake likawa Mwalimu, asubuhi kwenye simu na jioni kwenye simu, na kila alipoitwa hivyo kitu fulani kifuani kilijinyoosha.

Ukoo wao ulikuwa na desturi moja. Kabla ya tangazo la kwanza la ndoa kusomwa kanisani, shangazi wa binti huenda kwa mchumba bila taarifa. Hufagia chumba, huosha vyombo, na wakati mikono inafagia macho nayo yana shughuli: chini ya kitanda kuna nini, viatu mlangoni ni vya watu wangapi. Wenyewe waliita kwenda kufagia. Winifrida alikwenda kufagia wiki tatu zilizopita. Ambokile alikuwa safarini, mama mwenye nyumba akamfungulia mlango kwa heshima ya umri wake, na jioni shangazi akarudi na kidaftari chekundu ndani ya pindo la kanga.

“Mimi Kiingereza sijui,” alimwambia Asteria, “lakini mwandiko wa mwanamke naujua.”

Ulikuwa wa mwanamke kweli. Herufi za mviringo, wino wa buluu, ukurasa mzima. Juu kabisa quaerere, chini yake querer, na kutoka hapo matawi yakishuka kama watu wanavyochora ukoo: question, request, inquire, acquire, conquer pembeni peke yake na uso wenye pembe mbili, na mwisho exquisite ikiwa imezungushiwa duara. Chini yake, kwa Kiingereza, ilikuwepo ile sentensi. Waingereza walibaki na maswali, sisi tukabaki na mapenzi. Kisha: Kwa Ambokile wangu, kutoka kwa mwalimu wako, Pilar. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.

Asteria hakulia usiku ule. Angelia kama ingekuwa ni picha ya mwanamke tu, au barua ya mapenzi ya zamani. Mtu mzima ana haki ya kuwa na jana yake. Kilichomuuma ni kwamba neno lililomwangusha yeye lilikuwa limekwisha kumwangusha mwingine. Hata lile jina la Mwalimu. Alijiona kama aliyevalishwa gauni la mtu, likafuliwa, likapigwa pasi, akaambiwa ni jipya.

Tangu hapo hakuna neno la Ambokile lililopita bila kukaguliwa. Akisema “nimekukumbuka,” Asteria alijiuliza aliwahi kumwambia nani. Akicheka, alijiuliza kicheko kile kilianzia wapi. Na mara tatu Ambokile alimuuliza kama amekiona kidaftari chake chekundu, na mara tatu Asteria alisema hajakiona. Mara ya tatu alimshauri aangalie vizuri chini ya kitanda.

Tangazo la kwanza lilisomwa. La pili likasomwa. Ijumaa, siku mbili kabla ya la tatu, Asteria alipita ofisi ya parokia baada ya vipindi na kumwomba katekista Ignatio alizuie. Katekista alimtazama kwa muda mrefu, akampa karatasi. “Andika sababu, binti yangu. Padre ataniuliza.” Asteria alishika kalamu akagundua hana cha kuandika. Hakuwa na kizuizi chochote ambacho Kanisa linakitambua. Mwisho akaandika maneno mawili: Bado namchunguza. Akasaini, akapanda gari la mwisho kwenda Lundo.

*

Pikapu ilifika saa sita na robo. Ambokile alishuka na sukari na sabuni za shangazi, akainama.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Umefika salama?”

“Salama. Nyumba nzima hamjambo?”

“Sisi tupo. Tunafagia fagia tu,” alijibu Winifrida bila kupepesa, na Asteria akatamani ardhi immeze.

“Mwalimu,” Ambokile akasema akimgeukia, na tabasamu lake lilikuwa lilelile la Mbamba Bay. Leo lilimchoma.

“Twende ziwani,” Asteria akajibu.

Walishuka kwenye miamba ambako watu walikuwa wameanika mihogo. Mbali kidogo wanawake wawili walikuwa wanasugua sufuria. Upepo ulikuwa mdogo. Asteria alikaa, akauweka mkoba wake magotini kwa mikono yote miwili.

“Mbona umenuna?” Ambokile aliuliza.

“Sijanuna.”

“Wiki tatu sasa. Nikipiga simu unanijibu kama unamjibu mkaguzi wa shule.”

“Nikuulize kitu?”

“Uliza.”

“Lile neno la Kihispania. Ulijifunzia wapi?”

“Nilikwambia. Kolombia.”

“Kolombia ni kubwa. Kwa nani?”

“Tulikuwa na masomo ya lugha jioni, sisi wageni.”

“Na aliyefundisha?”

Ambokile alinyamaza kidogo. Kidogo tu, lakini Asteria alikisubiri kimya hicho kwa wiki tatu na hakingempita.

“Mwalimu mmoja.”

“Ana jina?”

“Asteria...”

“Hilo ni langu. Nauliza lake.”

“Pilar,” akasema. Alilisema waziwazi, hakulimeza. Asteria alivunjika moyo, maana alikuwa amejiandaa kwa uongo. Uongo angejua la kuufanya.

“Alikuwa mzee?”

“Hapana. Thelathini na mbili.”

“Mlipendana?”

“Ndiyo.”

Mmoja wa wale wanawake alicheka kwa sauti kule majini. Asteria alijisikia uso unawaka, lakini mtihani ulikuwa umeanza na hakuwa mtu wa kuacha swali.

“Wewe ulikuwa unamwitaje?”

Hapo ndipo Ambokile alipomtazama vizuri. Alimtazama usoni, kisha akautazama mkoba, kisha mikono iliyokuwa imeubana ule mkoba.

“Unacho,” alisema taratibu. “Kidaftari changu unacho wewe.”

Asteria akafungua mkoba, akakitupa mwambani kati yao. “Ninacho! Na nimekisoma. Sentensi kwa sentensi, Ambokile, mpaka nukta! Mpaka conquer ni mkorofi wa ukoo, kumbe kachorewa na pembe! Nilikuwa nakaa pale Mbamba Bay najiona mwanamke wa kwanza duniani kuletewa neno, kumbe unanisomea daftari la mwanamke mwingine. Na mimi ni Mwalimu wa ngapi? Nijue namba yangu.”

Ambokile hakukishika kile kidaftari. Alikaa akiangalia maji, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya chini.

“Neno ni lake. Sikatai. Alinipa, na nilipolipokea nilidhani nimepata dunia. Lakini miezi mitano, Asteria, yule dada alinieleza asili ya kila neno, hili lilitoka Roma, hili lilitoka kwa Waarabu. Hakuniuliza mama yangu anaitwa nani. Hakuuliza kwetu tunakula nini. Siku naondoka ndiyo aliniuliza kama kwetu kuna baridi.” Akatabasamu bila furaha. “Wewe siku ya kwanza, ukiwa na wino mwekundu mpaka kwenye shavu, uliniuliza mambo kumi na saba. Niliyahesabu. La nne lilikuwa jina la mama yangu.”

“Tupokigwe,” Asteria akasema, kabla hajajizuia.

“La tisa lilikuwa kovu hili. La kumi na mbili, kama naogopa ziwa. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Nikasema, kumbe Pilar alikuwa na neno tu. Kitu chenyewe kipo Mbinga, kinasahihisha mitihani. Ningefanya nini? Nilikuletea.”

Asteria alitaka sana kuamini. Na papo hapo ile sauti ya wiki tatu ikamwambia: tazama anavyojua kupanga maneno.

“Unajua kusema,” alimwambia.

“Najua.”

“Hilo ndilo linaloniogopesha. Na jina la Mwalimu?”

Ambokile alikuna kichwa. “Hilo sina la kujitetea. Mdomo ulishalizoea, nikafanya uvivu. Nilipaswa kukutafutia lako. Hapo nimekosa, na naomba unisamehe.”

Ajabu ni kwamba hilo ndilo lililomlainisha. Yale mazuri yote angeweza kuyatilia shaka, lakini mtu anayetunga uongo hasemi amefanya uvivu. Kifua kilianza kumfunguka. Aliunyoosha mkono kuelekea mkono wake, na vidole vilikuwa karibu kugusana Ambokile alipouliza:

“Kilikufikiaje?”

Mkono ukarudi.

“Shangazi. Alikuja... alikuja kufagia. Ni desturi yetu.”

“Desturi ya kufagia naijua, mama mwenye nyumba aliniambia, nikacheka. Nikasema vizuri, wameona nalala kwenye godoro la kawaida.” Alikichukua kile kidaftari, akaupita ukurasa wa Pilar bila kuutazama, akafungua nyuma kabisa. Kurasa zilikuwa zimejaa mwandiko wake mwenyewe, majina ya watu na tarakimu. “Unaona hapa? Hawa ni wakulima kumi na tisa wa Litumbandyosi. Kahawa yao niliionja mwezi uliopita, alama zake sikuwa nimezinakili popote pengine. Jumatatu nilirudi kule, nyumba kwa nyumba, kuwaomba kahawa upya. Mzee Augustino alinipa gunia lake la mwisho alilokuwa ameliweka kwa ajili ya wageni. Nikamwambia nisamehe mzee, nimepoteza daftari. Akasema pole mwanangu, hata wewe ni binadamu.”

Ambokile akakifunga kidaftari.

“Sikuwa nimepoteza. Nilikuuliza mara tatu. Lilikuwa wapi?”

“Chini ya mto wangu.”

“Ukalilalia.”

“Ndiyo.”

“Nikikuuliza unaniambia niangalie chini ya kitanda, na wewe umelilalia.” Alisimama, akajifuta vumbi. Hakupaza sauti, na Asteria alitamani apaze. “Twende. Mama atafika Kitai saa kumi na moja.”

*

Walikuwa wamekwisha kuipita Mbamba Bay na kuanza kupanda milima Asteria alipopata ujasiri wa kusema lile la pili. Alilisema akiangalia dirishani.

“Kesho hawatatusoma kanisani. Jana nilizuia tangazo.”

Ambokile alisogeza pikapu kando ya barabara, akazima injini. Chini yao ziwa lilionekana lote, na hakuna aliyeliangalia.

“Jana,” alisema. “Mama alipanda gari jana alfajiri. Hajawahi kufika hata Njombe maisha yake yote. Amelala Songea kwa watu asiowajua ili asikie tangazo la tatu kwa masikio yake.”

“Tukiwahi parokiani naweza kulirudisha. Katekista Ignatio yupo mpaka saa kumi. Ambokile, nilikosea. Nitalirudisha mimi mwenyewe.”

Aliwasha injini, akashika njia ya parokiani.

Katekista alikuwa akifunga madirisha ya ofisi walipoingia. Aliwasikiliza, akavaa miwani, akaitoa ile karatasi ndani ya faili.

“Kulirudisha si shida,” alisema. “Orodha ya kesho bado ninayo hapa. Ila ameandika sababu, na sababu inamhusu mchumba wake. Kwa hiyo baba, uisome kwanza, usaini kwamba umeijua na bado unaendelea. Kisha mimi naandika majina yenu, tunamaliza.”

Asteria angetoa chochote ili karatasi ile iungue hapo mezani. Ambokile aliisoma. Ilikuwa na maneno mawili tu, lakini aliisoma muda mrefu, kana kwamba ilikuwa barua.

“Bado namchunguza,” akasoma kwa sauti.

“Niliandika kwa hasira,” Asteria akasema. “Sikujua niandike nini.”

“Ungeniuliza mimi. Kuniuliza mimi hakukutaka karatasi wala katekista.” Aliirudisha karatasi mezani, akaweka kalamu juu yake. “Mzee Ignatio, iache ilivyo.”

“Baba, ni saini moja tu.”

“Naiona. Iache.”

Katekista alivua miwani, akawatazama wote wawili, halafu akairudisha karatasi kwenye faili. Amewaona wengi chumbani mle, na huwa hasukumi mtu.

Kutoka Mbinga hadi Kitai Ambokile hakumuuliza chochote. Hakumuuliza kama kioo kishushwe, hakumuuliza kama vumbi linamkera. Asteria alikuwa hajui kumbe miezi hii yote alikuwa akiishi ndani ya maswali ya mtu huyu, madogo madogo, asubuhi mpaka jioni, na kwamba aliyazoea kiasi cha kutoyasikia. Sasa yalikuwa yamekoma, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko barabara. Mara mbili alifungua mdomo kumwomba msamaha tena. Mara mbili aliufunga, kwa sababu alijua msamaha mwingine ungekuwa wa kujipunguzia mzigo tu. Alilia kimyakimya, uso dirishani, na hakujua kama Ambokile ameona au ameamua kutoona.

Kitai ilikuwa na pilikapilika za jioni, magari ya Songea yakishusha, wauza ndizi na mahindi ya kuchoma wakikimbilia madirisha. Gari alilopanda mama lilikuwa la kwenda Lituhi, kwa hiyo lilimshusha hapo njia panda kabla ya kukata kona. Alishuka mwanamke mfupi, amefunga kitambaa kichwani, begi moja begani na fungu la ndizi za Tukuyu mkononi. Ambokile alimkumbatia. Akalipokea begi. Asteria akasogea, akapiga goti kidogo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu?” Mama Tupokigwe alimshika kidevu, akamgeuza uso kulia na kushoto bila haya yoyote. “Ndaga, Ambokile, ndaga,” akamshukuru kwa Kinyakyusa. “Umenionyesha mtu.” Kisha, palepale, kabla hata hajaulizwa habari za safari: “Haya, kesho mnasomwa misa ya ngapi? Nataka nikae mbele kabisa. Sikio hili la kushoto halisikii, na mimi sikuja mbali hivi nisikie jina la mwanangu nusu nusu.”

Asteria alimtazama Ambokile. Ambokile alikuwa akiliangalia tairi la pikapu. Angeweza kujibu yeye; angeweza kusema padre amesafiri, mitambo imeharibika, chochote, na mama angeamini. Hakusema kitu, na Asteria akaelewa kwamba kazi hii ni yake.

Angeweza pia kudanganya. Alikuwa na uzoefu wa wiki tatu.

“Kesho hatusomwi, mama,” akasema. “Nimezuia mimi.”

Mkono ukatoka kidevuni. “Umezuia? Kwa nini?”

“Nilimtilia shaka mwanao. Nilichukua daftari lake la kazi, nikalificha. Akiniuliza nasema sijaliona. Kwa sababu yangu amerudia kazi ya mwezi uliopita na kuomba msamaha kwa watu ambao hakuwakosea.” Aliendelea, na jina la shangazi hakulitaja. “Nilikuwa namchunguza nyuma yake, badala ya kumuuliza usoni. Na wewe mama umesafiri siku mbili bure. Nisamehe.”

Muuza mahindi aliyekuwa amesogea na beseni lake alisikia, akarudi nyuma. Mama Tupokigwe aliweka ndizi zake chini, akakunja mikono.

“Na ulichokuwa unakitafuta,” aliuliza, “umekipata?”

“Nilikipata leo mchana. Nilikuta nimeshachelewa.”

Mama alimtazama mwanawe, ambaye bado alikuwa na tairi lake. Alimtazama tena Asteria, viatu mpaka nywele. Usoni hakukuwa na hasira wala hakukuwa na msamaha. Palikuwa na mtu anayepiga hesabu zake taratibu.

“Mimi nimebeba nguo za siku tatu,” alisema mwisho, kama anayejisemea mwenyewe. “Nikikaa, itabidi nifue.” Akaokota ndizi zake, akaenda kupanda pikapu, akakaa dirishani na kuvuta mlango.

Wakabaki wawili. Ambokile alilipeleka begi nyuma ya gari, akalifunga kwa kamba, akaifungua kamba, akaifunga upya. Kisha akaja akasimama mbele ya Asteria. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, au kwa kingine. Alimtazama muda mrefu, na Asteria alijiandaa kuambiwa lolote, hata lile la mwisho.

“Umekula?” Ambokile akauliza.

Asteria alitikisa kichwa. Alijaribu kusema hajala tangu jana, akaanza kulia mbele ya Kitai nzima.